Kufuta rekodi ya bangi ya Marekani ukiwa Dodoma: chukua nakala kwanza

Mwongozo huu ni wa Mtanzania aliyewahi kukamatwa na bangi Marekani au Kanada, enzi za masomo au vibarua, akarudi nyumbani, na sasa anasikia kwamba kule imehalalishwa na rekodi zinafutwa. Ofisini kwangu hapa Dodoma mjini watu wa namna hii hawakosekani: mhadhiri aliyealikwa kwenye kongamano, kijana anayetaka kumfuata mkewe, mfanyakazi wa shirika aliyeambiwa alete hati ya polisi ya kila nchi aliyowahi kuishi. Wengi huanza na, "Wakili, naifutaje?" Mimi huwauliza kwanza wana karatasi gani mkononi.

Jambo moja tulimalize mapema. Hapa kwetu bangi bado ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, hata uwe msokoto mmoja. Aliyehukumiwa Kondoa au Mpwapwa hana mlango huu ninaoueleza. Yeye njia zake ni rufaa, na kama muda umepita aiombe Mahakama Kuu imwongezee, au msamaha wa Rais chini ya ibara ya 45 ya Katiba. Hayo yanataka somo lake.

Hatua ya 1: Jua nani alikushtaki

"Nilikamatwa Marekani" haitoshi. Sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, inakataza bangi. Yaliyohalalisha ni majimbo, kila moja kwa wakati wake na kwa masharti yake. Kwa hiyo nataka jimbo, kaunti, mwaka na namba ya kesi. Pekua masanduku: karatasi ya dhamana, risiti ya faini, barua ya wakili wa wakati ule. Kama ulikamatwa ndani ya hifadhi ya taifa au eneo lingine la serikali ya shirikisho, sema mapema, maana kesi hiyo haiko mikononi mwa jimbo.

Hatua ya 2: Omba rekodi yako FBI

Usitegemee kumbukumbu. Watu hukumbuka "walinipa onyo tu", karatasi ikija inasema alikiri kosa akalipa faini. FBI hutoa muhtasari wa rekodi kwa dola 18. Unajaza ombi na kulipia mtandaoni, kisha unatuma kwa posta kadi ya alama za vidole, pamoja na ile barua pepe ya uthibitisho uliyoichapa, kwenda Clarksburg, West Virginia. Kadi yenyewe ni fomu FD-1164, na karatasi nyeupe ya kawaida inakubalika.

Shida kubwa hapa kwetu ni vidole vyenyewe. Dodoma wakati wa kiangazi ngozi inakauka na kupasuka, na aliyeshika jembe au saruji michirizi yake imelika. Wiki nzima kabla, paka mafuta kila usiku. Siku yenyewe nawa kwa sabuni, ukauke kabisa, usipake chochote. Nenda kwa askari aliyezoea kazi hiyo, kwenye ofisi ya upelelezi ya mkoa, ukiwa na kitambulisho na fomu zako. Kidole kinaviringishwa kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi wa pili, mara moja, bila kurudi nyuma. Kikirudi nyuma michirizi inapandana na kadi inakataliwa. Wino uwe mwembamba. Legeza mkono, mwachie askari akuongoze. Piga kadi mbili au tatu na uzitume zote, kwa sababu posta ya kwenda na kurudi ni ndefu kuliko foleni ya askari. Bahasha iwe ngumu, kadi zisikunjwe.

Hatua ya 3: Nakala za mahakama, kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo nisisitize hadi nionekane msumbufu.

Mwandikie karani wa mahakama ya kaunti ile na uombe nakala zilizothibitishwa, zenye mhuri: hati ya mashtaka, hukumu, adhabu, na uthibitisho kwamba adhabu imekamilika. Omba seti zaidi ya moja. Omba pia ripoti ya polisi au ya maabara inayotaja uzito wa bangi kwa gramu.

Kwa nini uhangaike na makaratasi ya jambo unalotaka lisahaulike? Kwa sababu jimbo likifuta, uhamiaji haujafuta. Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ya Marekani iliamua mwaka 1999, katika shauri la Roldan, kwamba hukumu iliyofutwa na jimbo kwa huruma tu, au kwa kuwa mtu amejirekebisha, bado ni hukumu machoni pa sheria ya uhamiaji. Na fomu ya viza, DS-160, inauliza waziwazi kama umewahi kukamatwa au kuhukumiwa, hata kama ulipata msamaha. Ukifika dirishani ubalozini Dar es Salaam, afisa anaweza kukuambia ulete hati za kesi. Ukijibu kwamba zimefutwa na mahakama haina tena faili, umebaki na kosa lililopo kwao na ushahidi wa udogo wake haupo.

Zile gramu nazo si mapambo. Kwa anayeomba kuhamia Marekani, sheria inaruhusu kusamehewa kosa moja tu la kupatikana na bangi isiyozidi gramu 30, kama ametimiza na masharti mengine. Faili lisilotaja uzito linakuacha ukibishana kwa mdomo.

Hatua ya 4: Wakili wa uhamiaji wa kule

Mimi siruhusiwi kusimama mahakamani Chicago, na mwanasheria yeyote wa hapa atakayekuambia anaweza, muulize kwa leseni ipi. Tafuta wakili wa uhamiaji wa Marekani, na usimchanganye na wakili wa jinai peke yake. Muulize kama hukumu yako inaweza kutenguliwa kwa kasoro ya kisheria, kwa mfano hukuelezwa kwamba kukiri kungekuharibia uhamiaji. Tangu shauri la Padilla la mwaka 2010, wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza hivyo mteja asiye raia. Hukumu iliyotenguliwa kwa kasoro ya namna hiyo kwa kawaida haihesabiki tena kwenye uhamiaji, ilhali iliyofutwa kwa huruma inahesabika. California ina kifungu chake kabisa, 1473.7, kwa watu waliokwishamaliza adhabu.

Hatua ya 5: Sasa futa

Illinois ndiyo ninayoiona sana. Sheria yake ilianza tarehe 1 Januari 2020. Makosa madogo ya hadi gramu 30, yasiyoambatana na vurugu, yaliwekewa utaratibu wa kufutwa bila mhusika kuomba. Rekodi za walioishia kukamatwa tu zinafutwa na polisi, waliohukumiwa wanapitia msamaha wa gavana. Siku moja kabla sheria haijaanza, Gavana Pritzker alisamehe hukumu zaidi ya 11,000 kwa mpigo. Zaidi ya gramu 30 hadi 500, wewe au mwendesha mashtaka mnapeleka maombi mahakamani. Usidhani "bila kuomba" ina maana limeshafanyika. Hakikisha.

New York ilipitisha sheria yake tarehe 31 Machi 2021, na hukumu nyingi za bangi zilifutwa zenyewe. Kuna nyongeza pale: unaweza kuomba karatasi za kesi ziteketezwe kabisa. Kama si raia wa Marekani, fomu hiyo usiiguse.

California watu wanaomba kupitia Proposition 64, sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi Novemba 2016. Sheria ya mwaka 2018 ikawaagiza waendesha mashtaka wapitie mafaili wenyewe.

Kwa kosa la shirikisho la kupatikana na bangi tu, Rais Biden alitoa msamaha tarehe 6 Oktoba 2022 na kuupanua tarehe 22 Desemba 2023. Unahusu raia wa Marekani na wakazi wa kudumu. Uliyekuwa na viza ya mwanafunzi haukuhusu. Tena msamaha huo haufuti rekodi. Unakupa cheti tu.

Kanada ni rahisi zaidi kuelewa. Bangi ilihalalishwa tarehe 17 Oktoba 2018, na tangu 1 Agosti 2019 aliyehukumiwa kwa kupatikana nayo tu anaweza kuomba kwa Bodi ya Parole rekodi yake iwekwe kando, bila ada na bila kusubiri miaka, hata kama faini ya kesi hiyo hajaimaliza. Imewekwa kando, haijachomwa, na Wamarekani hawalazimiki kuiheshimu.

Hatua ya 6: Hakiki, kisha jibu fomu kwa ukweli

Amri ikitoka, pata nakala yake iliyothibitishwa, uiunganishe na zile za hatua ya 3. Baada ya miezi kadhaa omba tena muhtasari wa FBI. Kama kesi bado ipo, irudishe kwa polisi wa jimbo walioipeleka, pamoja na amri. Kampuni binafsi za kupekua historia za watu nazo hubaki na taarifa za zamani. Waandikie, ambatisha amri.

Kwenye fomu, soma swali neno kwa neno. Mwajiri anayeuliza "una hukumu yoyote?" na ubalozi unaouliza "umewahi kukamatwa, hata kama ulisamehewa?" hawaulizi kitu kimoja, na kwa wa pili jibu ni ndiyo, likifuatwa na maelezo mafupi na karatasi zako. Kudanganya kwenye viza kunaweza kukufungia mlango moja kwa moja, hata kama kosa lenyewe lingesameheka.

Na vishoka wapo. Anayekuahidi kuifuta rekodi ya FBI kwa malipo ya simu, akiwa amekaa mgahawani Majengo, anakula hela yako. Fomu ya cheti cha msamaha wa Biden haina ada, ya Kanada haina ada, na huko Illinois mashirika ya msaada wa kisheria hushughulikia kesi hizi bure. Gharama zako halisi ni zile dola 18, nakala za karani, posta, na wakili wa uhamiaji.