Mkazo wa joto kwenye tabaka mbili: hesabu kwa mkono kwanza, kisha iga kwa kompyuta

Tuchukue ukanda mwembamba wa alumini, unene mm 1 na urefu mm 100, ulioshikamana barabara na ukanda wa feleji wa vipimo hivyo hivyo. Ukiupasha joto, alumini hutaka kurefuka karibu mara mbili ya feleji. Kwa kuwa zimeshikana, hakuna inayorefuka itakavyo: ukanda unapinda, na mkazo (nguvu ya ndani kwa kila eneo) unabaki ndani.

Hatua ya 1: tabia za mata. Alumini: moduli ya Young (kipimo cha ugumu wa kunyooshwa) GPa 70, kizigeu cha utanukaji (kiasi cha kurefuka kwa joto) 23 × 10⁻⁶ kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Feleji: GPa 200 na 12 × 10⁻⁶. Uwiano wa Poisson (kiasi cha kusinyaa ubavuni kitu kinaponyooshwa) ni 0.33 na 0.3. Joto likipanda sana namba hizi hubadilika, hivyo ingiza kwenye programu ya kuigia jedwali la namba kwa kila joto.

Hatua ya 2: joto la kuanzia. Hapa ndipo matokeo mengi huharibika. Programu inahitaji joto ambalo tabaka hazikuwa na mkazo, na mara nyingi hilo si joto la chumbani. Gundi iliyokauka kwenye nyuzi 120 hufunga tabaka pale pale. Kifaa kikipoa hadi 20, tayari kimebeba badiliko la nyuzi 100 kabla hakijafanya kazi yoyote. Muulize aliyekitengeneza, usikisie.

Hatua ya 3: kalamu na karatasi. Stephen Timoshenko alitoa fomula ya ukanda wa metali mbili mwaka 1925. Kwa ongezeko la nyuzi 100, ukanda wetu unapata nusukipenyo cha mpindo cha takriban m 1.3, na katikati yake inaachana na mstari wa ncha kwa karibu mm 1. Penye muungano, alumini ina mgandamizo wa MPa 44 na feleji mvutano wa MPa 94. Andika namba hizi pembeni. Kwa bamba pana, gawa kila moduli kwa (1 − uwiano wa Poisson).

Hatua ya 4: modeli. CalculiX, programu ya kuigia kwa elementi (vipande vidogo ambavyo umbo hugawanywa), inatosha kabisa. Tumia elementi za daraja la pili (zenye nodi za katikati ya kingo pia), angalau mbili katika unene wa kila tabaka, na tabaka zishiriki nodi (pointi za elementi) kwenye muungano. Usikaze uso mzima, kwani utazalisha mkazo usiokuwepo. Zuia nodi moja pande tatu, ya pili pande mbili, ya tatu upande mmoja.

Hatua ya 5: jaribio la sifuri. Zipe tabaka zote kizigeu kimoja, kisha endesha. Mkazo wowote unaotokea umetoka kwenye vizuizi vyako. Napenda jaribio hili kuliko yote, kwa sababu linafichua kosa kwa dakika chache.

Hatua ya 6: soma matokeo. Linganisha katikati ya ukanda na hesabu yako. Kwenye ukingo wa muungano, mkazo utazidi kupanda kila unapolainisha wavu (yaani ukipunguza ukubwa wa elementi). Namba ya hapo usiiripoti kama kilele. Lakini usipuuze eneo lenyewe, maana tabaka huanzia hapo kubanduka.

Hatua ya 7: je, muda unahitajika? Gawa mraba wa unene kwa kasi ya usambaaji wa joto. Feleji ya mm 1 inapata chini ya sekunde 0.1, kwa hiyo kwenye tanuri linalopanda polepole weka joto moja kote. Kioo cha mm 10 kinahitaji dakika kadhaa. Hicho kifanyie uchambuzi wa joto wa hatua za muda kwanza, kisha pitisha joto la kila hatua kwenye hesabu ya mkazo.