Kununua nyumba ya ghorofa ya zamani katikati ya mji: cha kukagua kabla ya kutoa arbuni

Nyumba ya ghorofa tatu au nne iliyojengwa miaka mia na zaidi iliyopita, ikiwa imeshikana kuta na majirani kulia na kushoto, humteka mnunuzi mara anapoingia: dari iko juu, ngazi ni ya mbao yenye nakshi, madirisha marefu yanatazama barabara. Hayo utayaona bila kuoneshwa. Kinachomaliza fedha baada ya kununua ni maji yanayoingia mahali usipopaona, pamoja na kuta zilizovunjwa na wamiliki waliopita bila kumwita mhandisi. Ukaguzi wako uanzie hapo.

Usiende mara moja tu. Mtaa wenye pilika wa saa nne asubuhi si ule wa saa tano usiku wa Ijumaa. Nenda usiku wa mwisho wa wiki, usimame katika chumba cha kulala cha mbele madirisha yakiwa yamefungwa, ukae kimya dakika kumi. Nenda alfajiri ya siku ya kazi, wakati magari ya taka na ya kushusha mizigo yanapopita. Nenda tena mvua inaponyesha, na hii ndiyo safari yenye faida kuliko zote. Kama jirani ni mgahawa, tafuta bomba la moshi wa jikoni linatokea wapi, kwa sababu harufu ya mafuta hupanda hadi ghorofa ya juu.

Chukua tochi kali, bisibisi nyembamba, pimamaji ya mita 1 ya kupimia usawa, utepe wa kupimia, gololi moja ya kuonesha sakafu iliyoinama, darubini ya kutazamia paa kutoka upande wa pili wa barabara, na kipima unyevu cha mbao.

Anza juu, ushuke

Nyumba nyingi za namna hii zina mapaa mawili madogo yanayokutana katikati na kuacha bonde. Mfereji wa bonde hilo hutandikwa bati la risasi au zinki. Ukizibwa na majani au njiwa aliyekufa, maji hayamwagiki nje kama ya mfereji wa ukingoni: yanafurika kuingia ndani. Panda darini, zima tochi na utafute vipenyo vya mwanga. Kisha iwashe utazame mbao zilizo chini ya bonde na zinazozunguka dohani, yaani bomba la matofali la kutolea moshi. Doa la kahawia lenye duara ndani ya duara lina maana kwamba pamevuja, pakakauka, pakavuja tena. Ghorofa ya chini yake, dari iliyopakwa rangi mpya katika chumba ambacho kuta zake zina rangi ya zamani haikupakwa kwa ajili ya urembo.

Ncha za boriti pale zinapoingia ukutani ndizo huoza kwanza, kwani zinakunywa unyevu wa ukuta na hazipati hewa. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba, zichome kwa bisibisi. Mbao nzima hukataa. Iliyooza humeza ncha bila wewe kutumia nguvu. Kuvu wa kuozesha mbao huhitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi, kwa hiyo kipimo cha 14 au 15 ni cha kutuliza moyo, na cha 25 kinataka chanzo chake kipatikane. Vitundu vidogo vya dumuzi peke yake si hoja, kwani huenda wadudu walishatoka miaka mingi iliyopita. Hoja ni unga mweupe mpya chini ya vitundu, au mirija ya udongo ya mchwa.

Kuta zilizofungwa pumzi

Saruji ya Portland, ndiyo saruji ya kawaida, ilipata hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1824, Uingereza, lakini kwa miongo mingi baada ya hapo wajenzi waliendelea kutumia chokaa. Ukuta wa chokaa hunywa maji ya mvua na kuyaachia jua likiwaka. Fundi wa baadaye akiupiga lipu ya saruji au rangi ya plastiki, maji hukosa pa kutokea: chumvi hujitokeza, rangi huvimba, na uso wa tofali humomonyoka nyuma ya lipu. Gonga kwa kifundo cha kidole. Mlio wa utupu una maana lipu imeshaachana na ukuta.

Hapo watatokea wauzaji wa dawa za kudunga ukutani ili kuzuia unyevu. Wasikilize baada ya kukagua mambo matatu: je, ardhi ya nje iko angalau milimita 150 chini ya sakafu ya ndani? Je, mifereji ya mvua na mabomba yake ni mazima? Je, kuna bomba la maji linalovuja ndani ya ukuta? Mara nyingi jibu liko hapo. Usiamini pia kipima unyevu cha mbao kilichobandikwa kwenye lipu, kwani chumvi hukifanya kisome maji hata penye ukavu. Tiba yenyewe ni ya polepole: bandua saruji, uache ukuta ukauke, kisha upige lipu ya chokaa, kwa kawaida sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga.

Nyufa zisikutishe zote. Ufa wa upana chini ya milimita 2 ni kazi ya fundi rangi. Ukizidi milimita 5, au ukipanda mshazari huku umepanuka upande mmoja, mwite mhandisi wa majengo. Tazama ndani yake: vumbi na rangi ya zamani vinasema umri, kingo kali na safi zinasema ukuta bado unatembea. Milango nayo ina ushahidi wake. Ukiona mlango umerandwa juu kwa mshazari ili ufunge, fremu imehama.

Sasa simama katika ile sebule kubwa ya ghorofa ya chini iliyokusifiwa. Zamani vilikuwa vyumba viwili. Uliza ukuta wa kati ulikwenda wapi, na ule wa ghorofa ya juu yake unakalia nini. Fanya hivyo kwa dohani pia: wapo waliobomoa sehemu ya chini wapate nafasi ya kabati, wakaacha tani kadhaa za matofali juu ya paa zimeshikiliwa na mbao tu. Dai hesabu za mhandisi na kibali cha mji. Pasipo karatasi, chukulia kwamba kazi itarudiwa, kwa gharama yako.

Mabomba na umeme vinakaguliwa haraka. Bomba la kijivu ambalo sumaku hainati na likikwaruzwa hung'aa kama fedha ni la risasi. Risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha mikrogramu 10 za risasi kwa lita ya maji, basi pima maji au panga kulibadilisha. Waya zenye gamba la mpira au kitambaa zitolewe zote. Vitu vilivyofungwa kuzunguka mabomba ya moto na vigae vya sakafu vya katikati ya karne ya 20 vinaweza kuwa na asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu), hivyo visitobolewe kabla ya kupimwa. Chemba ya maji taka ifunguliwe na kamera ipitishwe, hasa kama bomba linapita chini ya nyumba ya jirani.

Karatasi na bei

Wakili athibitishe kwa msajili wa hati kwamba anayeuza ndiye mwenye hati, hakuna rehani, hakuna mpangaji mwenye haki ya kubaki, na kama nyumba iko chini ya sheria ya hifadhi ya majengo. Ikiwa iko, hata kubadilisha dirisha la mbele kutahitaji kibali. Aseme pia nani anawajibika kwa kuta za pamoja na ule mfereji wa bonde. Pima vyumba mwenyewe, maana kuta nene na ngazi hula eneo kubwa la ukubwa uliotangazwa. Pata bei ya bima kabla ya kusaini. Arbuni ikae kwa wakili, na mkataba useme inarudi endapo ukaguzi utafichua hitilafu ya muundo. Kila kasoro ipate makadirio ya mafundi wawili, uyapeleke mezani, na juu ya jumla uongeze asilimia 15 hadi 20 za dharura.

Ukishapata funguo, paa na mifereji kwanza, kisha boriti na kuta, kisha umeme na mabomba. Ukuta uliolowa hukauka takribani milimita 25 za unene kwa mwezi, kwa hiyo ukuta wa milimita 300 unaomba mwaka, na rangi itakayowahi itabanduka. Madirisha ya zamani ya mbao yatengenezwe, yasitupwe. Kelele za barabarani zizuiwe kwa kioo cha pili upande wa ndani, nafasi kati ya vioo iwe milimita 100 au zaidi. Ikiwa finyu zaidi ya hapo, sauti haitapungua sana.