Namna ya Kuupanga Upya Wimbo wa The Beatles kwa Bendi ya Dar es Salaam

Bendi inayopiga katika hoteli za Masaki au katikati ya jiji haikosi mteja wa kuomba wimbo wa The Beatles, bendi ya Uingereza ya miaka ya 1960, na mara nyingi mteja huyo hupewa kopi inayofuata rekodi hatua kwa hatua, isiyomfurahisha yeye wala wapigaji. Mwongozo huu unahusu njia ngumu kidogo, yaani kuupanga upya wimbo huo hadi uwe na sura ya bendi yenu, huku msikilizaji akiendelea kuutambua.

Chagueni wimbo kwa kuangalia sauti ya mwimbaji mliye naye kabla ya kuangalia umaarufu wa wimbo. "With a Little Help from My Friends" wa mwaka 1967 ulitungwa na John Lennon na Paul McCartney wa The Beatles ili uimbwe na mpiga drams wa bendi hiyo, Ringo Starr, ambaye sauti yake haikufika mbali, na kwa sababu hiyo melodi yake huzunguka ndani ya noti chache hadi ile ya juu inayoufunga. Wimbo wa namna hiyo huacha nafasi ya kuongeza mambo. Mkishauchagua, sikilizeni rekodi ya awali mpaka kila mmoja, hata mpiga besi, aweze kuiimba melodi bila ala, kisha hesabuni vipimo vyake, yaani mafungu ya mapigo yanayojirudia (bar). Ubeti wa "Yesterday" una vipimo saba, na mpiga drams aliyezoea vinane ataongeza kimoja bila kukusudia.

Jambo la kufanyia kazi zaidi ya yote ni mapigo. Mwaka 1968 mwimbaji Mwingereza Joe Cocker aliuchukua wimbo huo wa Ringo, akaupunguza mwendo, akayageuza mapigo yake ya nne-nne kuwa ya tatu-tatu na kuweka waitikiaji wa kike nyuma yake. Ukashika nafasi ya kwanza nchini Uingereza, ingawa maneno yalibaki karibu yote kama yalivyokuwa. Wapigaji wa Dar es Salaam wana mapigo ya aina hiyo tayari katika chakacha. Basi mazoezini waanze drams na tumba kwa chakacha ya polepole, besi ifuate, na mwimbaji aingie kabla gitaa lolote halijaguswa. Silabi zikibanana, punguzeni mwendo badala ya kukata maneno. Singeli siishauri hapa, kwa kuwa kasi yake humeza melodi, na melodi ndiyo inayomjulisha msikilizaji kwamba anasikia The Beatles.

Baada ya mapigo, amueni nani anasema ndani ya wimbo. Mwimbaji wa Marekani Aretha Franklin alipoimba wimbo mwingine wa The Beatles, "Eleanor Rigby" mwaka 1969, alijifanya yeye ndiye mwanamke anayesimuliwa, na habari ya mtu wa mbali ikawa ungamo. Rekodi ya awali ya 1966 ina fidla nne, viola mbili na selo mbili, na hakuna hata mmoja wa wanamuziki wanne wa The Beatles aliyepiga ala humo. Kwa hiyo bendi yenye rafiki mpiga fidla wa taarabu isisite kumwalika, na mpiga solo akubali kupumzika kidogo, jambo ambalo wapiga solo hulipokea kwa shida. Sebene ikitakiwa, ikae baada ya kiitikio cha mwisho, kwani nyingi ya nyimbo hizi ni fupi, na sebene ya katikati huzivunja.

Kuhusu haki, ulizeni mapema kama mwenye ukumbi amelipia leseni ya kutumia muziki hadharani. Kutafsiri maneno kwa Kiswahili ni suala jingine, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi mamlaka juu ya tafsiri na mageuzi ya kazi yake, na kazi ya watunzi wawili hulindwa kwa kuhesabu kuanzia kifo cha yule wa mwisho. Lennon alifariki mwaka 1980, lakini McCartney yu hai. Nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kuuliza utaratibu wa kumfikia mwenye haki, na maombi hayo yatumwe kabla ya kulipia studio.