SOMO: Jinsi ya kufanya mazoezi ya cherehani hadi mshono unyooke

Habari zenu wapendwa. Wengi wenu mnalalamika kuwa huu ni mwaka wa pili na mshono bado unapinda. Nikiwauliza mnafanyaje mazoezi, jibu ni lile lile: "Nashona magauni." Gauni moja lina shingo, mikono, zipu na pindo. Ukifika kwenye zipu inayokushinda, unaishona, inaharibika, unafumua, unalazimisha, unasonga mbele. Mwezi unaisha umegusa zipu mara nne tu. Anayetaka kukua huitoa hiyo zipu kwenye gauni akaishona mara kumi kwa siku moja.

Hatua ya 1: Karatasi
Toa uzi kabisa. Weka sindano kuukuu, maana karatasi huitia butu, kisha shona juu ya mistari ya karatasi ya daftari. Ukimaliza, inyanyue karatasi dirishani. Matundu yote yataonekana, na utagundua unapinda pale pale kila mara. Kwa wengi ni mwanzoni, kabla miguu haijashika mwendo. Kwenye cherehani ya kukanyaga, hapo ndipo gurudumu hurudi nyuma na kukata uzi. Basi zoezi lako liwe kuanza tu: anza, simama, anza, simama. Dakika 20, simu ikiwa chumba kingine.

Hatua ya 2: Kona
Chora mraba kwa chaki. Ukifika konani, simama sindano ikiwa ndani ya kitambaa, inua mguu wa cherehani (kile chuma kinachobana kitambaa), geuza, shusha. Hii huja haraka.

Hatua ya 3: Ncha ya kola
Hapa ndipo nilipoteseka. Miezi nilishona kola nzima nzima, ncha moja kali, ya pili butu kama kidole gumba. Fundi aliyenifunza akanipa kipande cha amerikani, akasema nikate ncha tu, pembetatu za ukubwa wa kiganja. Nikashona 20, na juu ya kila moja nikaandika kwa kalamu nilichobadilisha. Ya 7, nilifupisha mshono nilipokaribia ncha. Ya 11, nilipiga mshono mmoja wa mshazari kwenye ncha badala ya kugeuka ghafla, nikapunguza kitambaa cha ndani, nikageuza kwa kijiti butu. Ikatoka kali! Mbili zilizofuata zikaharibika, lakini safari hii nilijua sababu: nilikata karibu mno na mshono. Zile pembetatu ninazo hadi leo, kwenye kopo la vifungo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, nasikia ili uwe bingwa lazima ufanye mazoezi saa 10,000. Ni kweli?*
Hapana, ndugu yangu. Namba hiyo inatokana na utafiti wa mwanasaikolojia K. Anders Ericsson na wenzake, uliotoka mwaka 1993, kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Ilikuwa makadirio ya wastani wa waliokuwa bora hadi kufikia umri wa miaka 20. Na zilizohesabiwa ni saa za mazoezi ya peke yao, siyo kila saa waliyoshika fidla. Wewe hesabu pembetatu.

*Dada, nina wateja, muda wa mazoezi sina.*
Nakuelewa kabisa, kodi ya fremu haisubiri. Dakika 20 asubuhi kabla hujafungua kazi za watu zinatosha. Usisubiri jioni, kwa sababu macho yamechoka na utazoea makosa. Ila usijifunzie kwenye kitenge cha mteja.

*Ncha zangu sasa ni kali, ila moja ni ndefu kuliko mwenzake.*
Hongera, umeshavuka kikwazo kikubwa. Kabla ya kuigeuza kola, ikunje katikati, mshono juu ya mshono, uzilinganishe ncha. Zikipishana, fumua upande mmoja tu, chora upya kwa chaki kwa kufuata ule mzuri. Kesho fanya hivyo kwenye kola tano za amerikani, uniambie ni ya ngapi ilianza kulingana.