Volti 12 kwenda 5: punguza joto kwanza, udogo utafuata

Wengi wakitaka kigeuzi kidogo (saketi ya kushusha volti) hukimbilia koili ndogo. Hiyo ni kazi bure kama joto ni lile lile, ila sasa limebanwa. Tuchukue betri ya sola ya volti 12 inayotakiwa kutoa volti 5 kwa ampea 3 za kuchajia simu, yaani wati 15.

Hatua ya 1: jua wati zinapotelea wapi. Moduli ya kigeuzi cha LM2596 iliyojaa madukani ina ufanisi wa takriban asilimia 80 kwa mzigo huu, kwa hiyo karibu wati 4 huishia kwenye joto. Transista yake, yaani swichi inayowasha na kuzima mkondo, hula zaidi ya volti 1 ikipitisha ampea 3. Dayodi ya Schottky, inayoupisha mkondo wa koili swichi ikizima, nayo hula kama nusu volti kwa zaidi ya nusu ya muda: hapo zimekwenda wati 0.8.

Hatua ya 2: weka mosfeti mbili (transista zenye upinzani mdogo), moja badala ya transista ile, nyingine badala ya dayodi. Tafuta IC (chipu) iliyo nazo ndani. Mosfeti ya miliomu 10 ikishika nafasi ya dayodi hupoteza wati 0.05 tu.

Hatua ya 3: sasa pandisha masafa, yaani mara ngapi swichi huwaka na kuzima kwa sekunde; yakipanda, koili ndogo hutosha. Ukiruhusu mkondo wa koili upande na kushuka kwa ampea 0.9, kilohezi 150 zinadai koili ya mikrohenri 22 hivi; kilohezi 500 zinatosheka na 6.8. Tamaa isikuponze, maana kila mosfeti inapowaka au kuzima, volti na mkondo hukutana kwa muda mfupi. Tuseme ni nanosekunde 20 kwa mzunguko: kwa kilohezi 500 utapoteza wati 0.18, kwa megahezi 2 wati 0.72. Faida ya kuondoa dayodi imeliwa karibu yote! Mimi hubaki 500.

Hatua ya 4: koili na kapasita. Kilele cha mkondo ni ampea 3.45, basi nunua koili isiyoshiba (sumaku ya kiini chake isifike kikomo) kabla ya ampea 4.5. Kapasita za keramiki za upande wa kuingilia, za aina ya X7R na volti 25, zigande ubavuni mwa pini za IC. Usizisogeze ili bodi ipendeze: mkondo wa hapo hukatika ghafla, na njia ndefu huzaa miruko ya volti inayoweza kuua mosfeti.

Hatua ya 5: pima. Volti ya kutoka ipimie kwenye miguu ya kapasita, si mwisho wa waya. Waya wa omu 0.1 hula volti 0.3, asilimia 6 nzima, nawe utailaumu saketi isiyo na kosa.