Kumtunza mbwa aliyekatwa mguu kwa uvimbe wa neva

Simba, mbwa wangu wa ulinzi hapa Ujiji, alichechemea mguu wa mbele wiki kadhaa nikidhani kachomwa na mwiba. Usisubiri kama nilivyosubiri mimi. Ukiona msuli wa bega unanywea, na ukimshika kwapani analia, mpeleke kwa daktari wa mifugo: huenda ni uvimbe wa neva, yaani uvimbe unaoota kwenye mshipa wa fahamu.

Kukata mguu humpunguzia maumivu. Uvimbe wenyewe unaweza kurudi, hasa ukiwa umeshapanda karibu na uti wa mgongo; muulize daktari hilo kabla hujakubali.

Akirudi nyumbani, tandika magunia au mkeka. Sakafu ya saruji inateleza, na niliumia sana kumwona Simba akianguka. Siku za mwanzo mpitishie kanga chini ya kifua umsaidie kusimama. Kidonda kikague asubuhi na jioni, asikilambe. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 hivi. Diklofenaki na vidonge vingine vya maumivu vya binadamu usimpe kamwe, vinaweza kumuua. Na dagaa wake mpimie: akinenepa, miguu mitatu inaelemewa.