SOMO: Jinsi ya kumrekodi mama yako ambaye mji mzima unamjua

Wadau mambo vipi, nimeulizwa sana hili inboksi kwahiyo nalishusha hapa mara moja. Mama yangu ni mwimbaji wa taarab, simtaji maana kanikataza, ila ukipita naye Kariakoo hamfiki mnakoenda, kila duka ni shikamoo mama, tuimbie kidogo. Nimemrekodi kama mwaka na nusu hapa nyumbani Magomeni kwa simu yangu na kamera ya kuazima.

HATUA 1: Ruhusa
Hapa ndo nilipoharibu. Siku ya kwanza nikamkalisha kwenye kochi, mataa mawili usoni, nikaanza "mama, uliingiaje kwenye muziki?" Akabadilika palepale, sauti ikawa ya redioni, akanipa yaleyale anayowapa waandishi tangu mi niko chekechea, hadi pa kucheka anacheka palepale. Swali la nne nikagusa habari za baba. Akanitazama, akasema "zima hilo dude". Nikazima, na miezi mitano hatukugusa kamera. Baadaye nikaja kusoma kumbe hata Jane Birkin, yule mwimbaji Muingereza aliyeishi Ufaransa, alimsimamisha binti yake Charlotte Gainsbourg aliyekuwa anamtengenezea filamu, baada ya kurekodi mwanzo kule Japani, maswali hayakumkaa vizuri, kazi ikalala mpaka wakaja kuendelea na filamu ikaonyeshwa Cannes 2021. Nikapumua, yani sio sisi tu.
Kwahiyo patana naye mapema: akisema zima unazima, huulizi kwanini, na yeye ndo wa kwanza kuiona kabla ya mtu yeyote.

HATUA 2: Mpe kazi mikononi
Mtu maarufu ukimuuliza swali ana jibu lake kashaliweka tayari, ila ukimpa kitu ashike hana la kuigiza. Mi nilitoa sanduku la khanga alizotuzwa ukumbini, kamera nikaiweka kwenye stendi, nikakaa nae chini tunakunja. Akafika kwenye moja imeandikwa Wema Hauozi, akanyamaza, halafu akaanza mwenyewe, kwamba hiyo alipewa usiku alioimba ana mimba yangu ya miezi saba, anaimba huku ameshika nguzo na watu wanadhani ni madoido. Miaka yote hiyo sikuwahi kuisikia!! Na sikuuliza kitu.

HATUA 3: Sauti
Picha mbovu watu watakuvumilia, sauti mbovu hawakuvumilii. Zima pangaboi, na kwa joto la Dar maana yake urekodi asubuhi, saa moja hadi saa tatu basi. Zima na friji, ila funguo zako ziweke humohumo ndani ya friji ili usitoke bila kuiwasha, mi nilisahau siku moja samaki changu wa watu wakaoza na kesi yake haijaisha mpaka leo. Maiki ya kubana nguoni weka mbali na bangili. Adhana ikianza usikate, mama huwa anaacha kuongea anaitikia kimyakimya, hivyo vipande ndo navipenda kuliko vyote.

HATUA 4: Taa
Umeme wetu ni hezi 50, kwahiyo ukirekodi chini ya taa za tyubu weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde, la sivyo picha inacheza. Au mkalishe karibu na dirisha yaishe.

HATUA 5: Nyimbo na vibali
Kuimba wimbo sio kuumiliki, wapo mtunzi, kundi na waliorekodi, ulizia COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kabla hujauweka. Na kama unataka kuionyesha hadharani, Bodi ya Filamu lazima waipitie.

MASWALI

Mdau wa Tabata: Dada, wangu hakubali kamera bila wanja na mekapu, nifanyeje?
Jibu: Rekodi akijipaka.

Mdau wa Mbagala: Akitaja mtu ambaye bado yupo na ni jirani je?
Jibu: Ndo maana ya kuiona yeye kwanza. Wangu alitoa dakika sita, na zilikuwa kali balaa, nikanuna siku mbili nzima. Ila nilizitoa, kopi sikubaki nayo.

Mdau wa Temeke: Kamera ulikodi bei gani?
Jibu: Nimesema ya kuazima mkuu, nililipa kwa pilau.

Mdau wa Tabata: Samahani nauliza tena, la baba ulikuja kumuuliza?
Jibu: Sikumuuliza. Mwezi uliopita tunachambua mchele, kamera imezimwa, akaanza tu kunisimulia. Mkono wangu ukajiendea wenyewe kwenye simu, akaniambia "iache hapohapo". Nikaiacha.